Makopo Mawili na Gunia la Pamba: Namna Tunavyozungusha Igizo la Haki za Kiraia Kandokando ya Ziwa

Igizo letu zima linaingia kwenye mfuko mmoja wa salfeti, ukiacha nondo, ambayo kijana mmoja huibeba begani kama mtu anayekwenda kufunga lenta. Hatuna spika, hatuna pazia, hatuna jenereta. Nalisema hili mapema kwa sababu kila baada ya muda ananijia kijana hapa Igogo, Mwanza, kuniambia anataka kuanzisha kundi la kuzunguka mashuleni, ila anasubiri apate kwanza mfadhili wa muziki. Huyo atasubiri hadi ndevu ziote mvi. Kinachohitajika ni kitu kimoja cha kushika mkononi, na watu sita wanaoweza kupaza sauti.

Nilifundisha Historia sekondari kwa miaka 14 kabla sijaacha chaki. Harakati za haki za kiraia za Marekani, yaani Wamarekani weusi kudai usawa na kura, nilizifundisha kama nami nilivyofundishwa: Montgomery 1955, maandamano ya Washington 1963, sheria ya 1964, sheria ya 1965, funga daftari. Nilipoanza maigizo nikaenda na njia ileile. Kijana mrefu kavaa suti ya kuazima, anahutubia, wenzake wanaitikia. Tukaipeleka kwenye shule moja ya Ilemela, saa nane mchana, bwalo limejaa, bati linalia kwa joto. Nilihesabu waliosinzia nikaacha. Baada ya makofi ya adabu, binti wa kidato cha pili akanyoosha mkono: "Madam, mimi nauliza, hao watu walikuwa wanakula nini?"

Wenzake wakamcheka. Mimi nikakosa jibu. Nilijua walivyokufa na walivyohutubia, lakini kuhusu walivyoishi sikuwa na hata sentensi moja ya kumpa.

Nilipoanza kutafuta jibu lake ndipo nikakutana na Fannie Lou Hamer. Alizaliwa 1917 Mississippi, mtoto wa mwisho kati ya 20, kwenye familia iliyolima pamba katika shamba la mtu mwingine kwa kugawana mavuno. Alianza kuchuma akiwa na miaka 6. Ukubwani akawa karani wa shamba karibu na mji wa Ruleville, kazi yake kuandika saa na kilo za wachumaji. Mizani yenyewe ilikuwa ya fimbo: gunia linaning'inia upande mmoja, upande wa pili kuna jiwe unalisogeza mpaka fimbo inyooke. Jiwe la mwenye shamba lilikuwa limezidishwa uzito, na jiwe likiwa zito, mzigo unasomeka mwepesi. Bi Hamer alikuwa anakwenda shambani na jiwe lake, la haki. Analitumia hilo. Akimwona bwana anakuja, analificha na kurudisha lile la wizi.

Hapo nikamkumbuka baba. Baba alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi huko Magu, na usiku wa msimu nyumba yetu ilikuwa haiongelei kitu kingine. Alitusimulia kabla ya ushirika ilikuwaje: miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa wakilalamika kwamba wanunuzi wanawapunja kwenye mizani, wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe kuhakiki uzito, na kutoka hapo vikakua vyama vya ushirika vilivyokuja kuunganishwa 1955 kuwa shirikisho la Victoria chini ya Paul Bomani. Mississippi na Magu, pamba ileile, wizi uleule. Sikuhitaji suti tena.

Kwa hiyo, kabla hujaandika mstari hata mmoja, tafuta kifaa ambacho watu wa huko na watu wa kwenu wote wamekishika. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote na usiifanye kwa haraka. Sisi ilituchukua miezi miwili. Ukitaka Montgomery, una basi: watu weusi waligoma kupanda mabasi yaliyowatenga kwa rangi kwa siku 381, na kila mtoto wa Buhongwa anajua maana ya kutembea kwa mguu hadi mjini. Ukitaka Greensboro, una meza ya mgahawa ambapo wanafunzi wanne weusi wa chuo walikaa tarehe 1 Februari 1960, wakakataliwa huduma, wakakataa kuondoka. Ukikosa kifaa, bado hujaisoma historia yenyewe vya kutosha. Rudi kasome.

Sasa mizani. Nenda kwa fundi wa kuchomelea, sisi tulikwenda Mabatini, umkatie nondo ya milimita 16 yenye urefu wa mita moja. Achomelee pete ya kuning'inizia karibu na ncha moja, na ndoano ya gunia nje kidogo ya pete hiyo. Upande mrefu mtie alama kwa msumeno. Halafu chukua makopo mawili ya maziwa ya unga yanayofanana kabisa, hayo ndiyo mawe yetu, yawekee vishikio vya waya. Moja lijaze zege na vipande vya matofali hadi lifike kilo 2. La pili lijaze zege pamoja na risasi, zile za kuzamishia nyavu, zinauzwa maduka ya zana za uvuvi pale Kirumba, hadi lifike kilo 2 na gramu 600. Yapake rangi moja. Alama za nondo zipime kwa kopo jepesi, ukitumia vitu unavyojua uzito wake, kama mifuko ya sukari. Ukimaliza, gunia la kilo 20 litasoma 20 kwa kopo la haki, na pungufu kwa kilo kadhaa kwa kopo la wizi.

Gunia lisijazwe takataka. Jaza pamba, hata kama juu tu. Tuliwahi kutumia sponji, na bibi mmoja wa Misungwi akasimama katikati ya onyesho akaja kulifinya, akarudi kukaa akitikisa kichwa. Tukawa tumempoteza yeye na benchi lake zima.

Onyesho linafunguliwa hivi. Hatusemi Mississippi wala Magu. Mwigizaji anaingia na gunia mgongoni, anapima, anasomewa 15. Anapokea hela, anahesabu, anaondoka. Wa pili anaingia na gunia hilohilo. Kumi na tano. Watazamaji wanaanza kunong'ona maana wameona gunia halijabadilika. Wa tatu ni karani mwenyewe, mwanamke, anageuka nyuma kuhakikisha hakuna mtu, anatoa kopo jingine ndani ya kanga. Ishirini. Hapo hakuna mtoto anayesinzia, nakuhakikishia. Ndipo sauti inasema: hii ni Mississippi, nchini Marekani, na huyu anaitwa Fannie Lou Hamer. Makopo yote mawili yanashuka kwa watazamaji, yanapita mkono kwa mkono. Kwa macho huwezi kuyatofautisha. Nimeona wavulana wa kidato cha nne, wale wanaokaa nyuma kwa makusudi, wakiyabeba moja kila mkono wamefumba macho.

Kutoka hapo unaweza kuwapeleka popote, na sisi tunakwenda kwenye kura. Tarehe 31 Agosti 1962, Bi Hamer na wenzake 17 walipanda basi kutoka Ruleville kwenda Indianola kujiandikisha kupiga kura. Ni kama kilomita 40, tunawaambia ni kama kutoka mjini hapa kwenda Misungwi. Ofisini akapewa kifungu cha katiba ya Mississippi akifafanue, na mwenye kuamua kama amekifafanua vizuri ni karani huyohuyo asiyetaka aandikishwe. Akafelishwa. Njiani kurudi polisi wakalisimamisha basi wakampiga faini dereva, kosa lake basi lina rangi ya njano inayofanana mno na ya basi la shule. Hapo watoto hucheka sana. Mabasi ya shule wanayajua, trafiki wanawajua. Waache wacheke mpaka waishiwe. Kisha mwigizaji wetu anaanza kuimba taratibu, kwa sababu ndivyo alivyofanya Bi Hamer ndani ya basi lile watu walipojawa na hofu. Jioni hiyo mwenye shamba akamwambia akafute maombi yake au aondoke. Miaka 18 ya kazi, akaondoka usiku uleule. Januari 1963 akarudi kwenye mtihani, akafaulu.

Sehemu ya foleni tunaichezesha na watazamaji wenyewe. Tunaita vijana wanne mbele, karani anakaa kwenye dawati, kila mmoja anaulizwa swali lisilojibika. Halafu karani habadilishi kiti, anageuza tu karatasi, na sasa ni Tanganyika, uchaguzi wa 1958 na 1959: "Mwaka jana ulipata pauni 150? Hukupata? Shule uliishia la ngapi? Una cheo gani?" Ilikuwa lazima uwe na kimojawapo. Na aliyeruhusiwa alipiga kura tatu: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja, Mwasia mmoja. Walimu wa Historia ya Tanzania na Maadili wanaipenda sehemu hii kwa sababu inawapunguzia kazi, lakini mimi naipenda kwa nyuso za wale wanne wanaporudi kukaa.

Kuhusu maleba nitakuwa mkali. Usimpake mtu unga usoni eti awe Mzungu. Tuna kofia moja ya pama. Anayeivaa ndiye mwenye jiwe. Tulifika huko kwa kosa langu mwenyewe. Mwanzoni, sehemu ya Magu, mnunuzi wa pamba tulimchezesha kama Mhindi, na lafudhi ya kuigiza, kwa kuwa wanunuzi wengi wa zama zile kweli walikuwa Wahindi. Watu walicheka mpaka machozi. Kwenye shule moja mjini alikuwamo mvulana wa familia ya Kihindi, mstari wa tatu. Baada ya onyesho wenzake walimfuata hadi getini wakimwimbia ile lafudhi yetu. Mwalimu wake alinipigia simu jioni, hakufoka, aliniuliza tu kama hilo ndilo somo nililokuja kufundisha.

Wiki ile hatukutoka. Tulikaa tukaandika upya. Kofia ya pama ikaanza kuhama kichwa: mwenye shamba wa Mississippi, mnunuzi wa Magu, na mwisho karani wa ushirika wenyewe, kwa maana 1966 serikali ilibidi iunde kamati kuchunguza malalamiko ya wakulima dhidi ya vyama vyao, na 1976 vyama vikuu vikavunjwa. Tukaongeza pia kwamba Amir Jamal, aliyesimama na TANU na baadaye kuwa waziri wa Nyerere, alizaliwa hapahapa Mwanza 1922. Watoto wengi hawajawahi kusikia. Sehemu ya karani wa ushirika naiigiza mimi. Niliwahi kumuuliza baba, miaka ya mwisho ya uhai wake, kama naye aliwahi kushika kopo zito. Akaniambia nikalete chai.

Ukatili usiuigize. Juni 1963 Bi Hamer alikamatwa Winona, Mississippi, akapigwa gerezani kipigo kilichomwachia madhara ya kudumu. Mara ya kwanza tuliigiza kwa fimbo na vilio, na kidato cha kwanza wakashangilia kama wako kibanda umiza wanatazama karate. Siku hizi waigizaji wote wanageuka kuwapa watazamaji mgongo, mmoja analiinua gunia na kuliachia mara moja, puu, na tunahesabu kimyakimya hadi kumi. Kumi ya kweli, siyo ya haraka. Kijana wetu wa ngoma alikuwa anashindwa kuvumilia kimya hicho, anagonga kidogo. Nilimnyang'anya vijiti.

Vibali nitavipitia kwa kifupi maana havina utamu. Sajili kundi BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Kwa shule, andika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri imfikie afisa elimu sekondari, nakala kwa afisa utamaduni, na uambatanishe muhtasari wa igizo, ukurasa mmoja, ukisema wazi kwamba kutakuwa na maswali. Kwa mwaloni, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, nenda kwa mtendaji wa kata, kisha viongozi wa BMU, kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi wa hapo. Beba karatasi yenye muhuri. Picha ya barua kwenye simu haifungui geti. Utaulizwa kama kuna siasa ndani. Jibu la kweli ni kwamba kuna historia ya watu kudai haki, na kila tarehe unaweza kuitetea. Mwaka wa uchaguzi sisi tunamaliza ziara mapema, au tunakaa nyumbani tukishona magunia.

Saa na mahali ndipo makundi mengi ya mjini hufeli. Mashuleni, omba kipindi cha mwisho kabla ya chakula au saa za michezo. Oktoba na Novemba usisumbue mtu, ni mitihani. Vijijini usiende pamba ikiwa inanunuliwa, kuanzia Mei hivi, maana kila mtu yuko na gunia lake na kila kiongozi wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, atadhani umetumwa. Machi ni mwezi mzuri, mvua ikikuruhusu.

Mialoni fuata mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wanalala nchi kavu, wamechoka kukaa, wanatafuta cha kutazama. Ukienda giza likiwa nene utaigizia kuku na nyavu. Fika asubuhi, usalimie, usaidie hata kugeuza dagaa waliokaushwa, na uigize saa kumi jioni. Wakati huo upepo unatoka ziwani, kwa hiyo waigizaji wasimame ziwa likiwa mgongoni mwao, upepo uwabebee sauti kuwapelekea watu. Ukipanga kinyume, maneno yote yanaishia majini. Nilijifunza hilo Kayenze, koo likanikauka siku tatu.

Na uwe tayari kukimbiwa. Usukumani watu wamezoea Bagalu na Bagika, makundi mawili yanacheza ngoma kwa wakati mmoja uwanja mmoja, na umati unahamia kwenye utamu. Hakuna wa kukuonea haya. Onyesho lisizidi dakika 35. Ukiona migongo, ruka mbele hadi kwenye makopo.

Baada ya onyesho ndipo kazi inapoanza, na hapa nimeazima kwa watu waliotutangulia. Mwaka 1963, pale Tougaloo, Mississippi, vijana watatu, John O'Neal, Doris Derby na Gilbert Moses, walianzisha Free Southern Theater. Walizunguka vijiji na miji midogo ya Kusini, bure, makanisani na nje kwenye nyasi, na baada ya kila mchezo watazamaji walizungumza. Kuna siku walicheza Ruleville mchezo wa watu wawili wanaomngoja mtu asiyefika, na Fannie Lou Hamer, akiwa miongoni mwa watazamaji, akasimama kusema kwamba wao hawafanani na wale wawili, wao hawamngoji mtu. O'Neal baadaye alijulikana kwa duara la hadithi: mnakaa mviringo, kila mmoja anasimulia jambo lililomtokea, wengine wanasikiliza bila kujibizana.

Sisi tunafanya duara za watu kumi kumi, mwigizaji mmoja kila duara. Swali linakuwa la kopo: "Lini ulipimwa kwa kopo zito?" Usiulize "tumejifunza nini", utapata majibu ya mtihani. Anayeshika kopo ndiye anayesema; asiyetaka analipitisha. Utasikia mambo: ada, nafasi ya mchezo, mshahara wa kuuza duka la mjomba. Msichana akianza kusema jambo zito la mwilini mwake, mwigizaji asimwache aendelee mbele ya watu. Asimame naye pembeni, amtafute mwalimu wa ushauri siku hiyohiyo. Hilo lifanyieni mazoezi kama mnavyofanyia mistari.

Wazee waalike pia, ila wakae ndani ya duara na wasipewe meza kuu. Sengerema babu mmoja alitueleza jinsi watu wa Geita walivyokuja Mwanza 1958 kupinga baraza la rangi mchanganyiko, na vijana walimuuliza swali lilelile la yule binti wa Ilemela: njiani mlikula nini? Mihogo mikavu, akasema, na karanga. Ziliisha kabla hawajafika majini.

Fedha: omba wenyeji chakula na pa kulala, nauli mchange wenyewe au shule ichangie. Tangu daraja la Kigongo na Busisi lifunguliwe 2025, kwenda Sengerema na kurudi ni siku moja, hata kulala si lazima.

Mwisho, hesabu makopo kabla hujaondoka. Ukerewe tuliacha kopo moja, lile zito, na tuligundua tukiwa tayari kwenye meli ya kutoka Nansio. Nilimpigia mwenyeji wetu, akalitafuta siku mbili. Alikuwa nalo binti mmoja anayemsaidia mama yake kuuza sangara. Alikuwa ametusikia tukisema uzito wake, akaenda kulitundika kwenye mizani ya mnunuzi alfajiri, kabla mwenyewe hajafika. Kopo liliporudi Mwanza, chini yake palikuwa pamekwaruzwa kwa msumari: 2.1. Nikalipima tena sokoni, mizani mbili tofauti. Kilo 2 na gramu 600, kama siku tuliyolijaza.

Siku hizi tunatengeneza makopo matatu kila ziara. La tatu ni la kilo 2 kamili, uzito wake umeandikwa kwa rangi nyeupe, na hilo tunaliacha.